Mapigano ya katuni ya Street Fighter II yana karate kiasi gani? Jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: Mimi hufundisha karate vijana wa miaka 13 hadi 18 hapa Tanga. Tangu mmoja wao alipoleta filamu ya katuni ya Street Fighter II, ile ya mwaka 1994, kila mazoezi yakiisha huwa ni ubishi. Wao wanasema mapigano ya katuni ile ni ya kweli kuliko ya filamu ya Van Damme yenye jina karibu hilo hilo, nami nawaambia kwamba michoro haina mfupa wala msuli. Nani ana haki? Ni kipi humo kilicho karate na kipi ni cha mchezo wa video tu? Halafu nimeona nakala mbili zenye muziki tofauti. Katika moja adui mkuu anaitwa Bison na katika nyingine anaitwa Vega. Nakala ya kweli ni ipi?

Jibu: Mwalimu, katika ubishi huo mimi nipo upande wa vijana wako, na sababu umeitoa wewe mwenyewe uliposema kwamba michoro haina mfupa wala msuli. Mwigizaji akiinua mguu mbele ya kamera, uzito wake utaonekana hata kama teke lenyewe ni bovu, kwa kuwa mvutano wa dunia unafanya kazi yake bila kuombwa na mtu. Mchoro haupewi chochote bure. Mchoraji asiyejua kiuno huanza kugeuka lini na kisigino huinuka wakati gani, akichora ngumi, mtazamaji ataona mkono unaorefuka tu, wala hatahisi kwamba kuna mtu amepigwa. Waliotengeneza filamu ile walilazimika kuuelewa mwili wa mpiganaji kabla ya kushika kalamu, na bahati nzuri hawakukisia bali waliwafuata watu wanaopigana kwa kazi.

Filamu hiyo ilitoka Japani tarehe 6 Agosti 1994, ikiongozwa na Gisaburo Sugii na kutengenezwa katika studio ya Group TAC, kutokana na mchezo wa kampuni ya Capcom. Waliosimamia mapigano walikuwa Kazuyoshi Ishii na Andy Hug, na kwa mwalimu wa karate majina hayo mawili yanastahili maelezo kidogo. Ishii ndiye aliyeanzisha Seidokaikan mwaka 1980, tawi la karate ya kugusana kikamilifu lenye mizizi katika Kyokushin, mtindo wa karate wa Masutatsu Oyama, na ndiye aliyeanzisha mashindano ya K-1 mwaka 1993 ili kuwakutanisha ulingoni watu wa karate, wa ndondi za mateke, wa muay thai (ndondi za Kithai) na wengineo. Hug alikuwa Mswisi aliyekulia katika Kyokushin, akafika fainali ya ubingwa wa dunia wa mwaka 1987, akahamia upande wa Ishii, na baadaye, mwaka 1996, akatwaa ubingwa wa K-1. Alijulikana mno kwa teke la kisigino linaloshuka kutoka juu kama shoka. Alifariki Tokyo mwezi Agosti 2000 kwa saratani ya damu. Oyama mwenyewe alifariki Aprili 1994, miezi michache tu kabla ya filamu kuonyeshwa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyokutana. Mchezo wa Street Fighter II, uliotoka mwaka 1991, uliuliza swali ambalo vijana wa kila dojo huuliza: mtu wa karate akikutana na mtu wa muay thai, au mwanasumo akikutana na mwanandondi, nani atabaki amesimama? Miaka miwili baadaye Ishii alikuwa analiuliza swali hilo hilo kwa watu wenye damu, mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Ilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba watengenezaji wa filamu wangemgongea mlango yeye, wala si mwalimu wa kata, yaani mfululizo wa mienendo ya karate, za maonyesho. Kwa hiyo karate unayoiona humo ni ya aina fulani. Kama wewe unafundisha mitindo ya jadi kama Shotokan au Goju-ryu, usishangae kuona misimamo mifupi na ya juu, mateke mazito ya pajani, na watu wanaokubali kupokea pigo moja ili watoe mawili. Hiyo ndiyo harufu ya Seidokaikan. Jambo moja tu linaachana na desturi ya Kyokushin, nalo ni ngumi za usoni bila glovu, ambazo sheria za mashindano ya Kyokushin hazikuziruhusu. Waambie vijana wako kwamba fuvu ni gumu kuliko mifupa ya kiganja, na kwamba Ryu, mwanakarate aliye mhusika mkuu, kama angekuwa mtu wa kweli angemaliza pambano lake la kwanza akiwa na mkono uliofungwa plasta.

Kuhusu mchezo wenyewe, niseme tu yale yanayohusu swali lako. Ulikuja na wapiganaji 8 wa kuchaguliwa na wakubwa 4 wa mwisho. Toleo la mwaka 1993 liliongeza wengine 4, wakawa 16, na wote 16 wanaonekana katika filamu, ingawa baadhi yao hupita kama wageni wa arusi wasiokaa hata kula. Hadithi ya mchezo ilikuwa nyembamba: kuna mashindano, kuna watu waliokuja kushindana, kila mmoja ana sababu yake. Kilichokuwa kinene ni miili. Mchezaji alimtambua Sagat kwa urefu wake na magoti yaliyo tayari, akamtambua Zangief kwa mabega ya mwanamieleka, akamtambua Honda, mwanasumo, kwa namna alivyochuchumaa, kabla hata yeyote kati yao hajapiga. Waandishi wa filamu walifanya jambo la busara hapo. Waliyatupa mashindano yote, wakaiweka hadithi nyepesi ya kundi la kihalifu la Shadaloo linalowasaka wapiganaji bora duniani ili liwatie akilini utiifu, na wakaelekeza nguvu zao kwenye kile ambacho mchezo ulikuwa nacho kwa wingi. Msanifu wa wahusika, Shukou Murase, aliwapa miili mizito yenye misuli inayobadilika umbo inapokaza na inapolegea. Hilo laonekana dogo, lakini ndilo linalofanya teke liwe na mahali pa kutokea.

Kisha kuna mwongozaji mwenyewe, na hapa ndipo wengi hushangaa. Sugii, aliyezaliwa mwaka 1940, hakuwa mtu wa filamu za mapigano. Sifa yake ilitokana na kazi za utulivu mkubwa. Mwaka 1985 alikuwa ametengeneza filamu ya katuni ya polepole kuhusu safari ya treni angani, ambayo wahusika wake ni paka na ambayo inahusu kifo kuliko kitu kingine chochote. Kumkabidhi mtu kama huyo mchezo wa kurushiana moto kungeweza kuwa kosa kubwa. Mimi naona ndiko kulikoiokoa filamu. Mwongozaji aliyezoea vurugu angejaza kila dakika mapigo, lakini Sugii anajua kungoja. Anawaacha watu wawili wasimame, wapimane, upepo uvume, mtazamaji aanze kukosa subira, ndipo anaachia pigo. Yeyote aliyewahi kusimama katika kumite, yaani pambano la karate, anaufahamu muda huo wa kungoja, na anajua kwamba ndani yake ndimo pambano linapoamuliwa.

Pambano la ufunguzi ndilo ushahidi wangu mkubwa, nami nakuomba ulitazame mara moja sauti ikiwa imezimwa. Ni usiku, katika uwanda wa majani marefu, radi inapiga, na Ryu anapigana na Sagat bila mwamuzi wala mashabiki. Mchezo ulikuwa umeeleza tangu awali kwamba kovu la kifuani mwa Sagat lilitokana na pigo la Ryu, na filamu inaamua kutuonyesha siku ya kovu hilo. Angalia kwanza umbali. Sagat ni mrefu kupindukia, mtu wa muay thai, na mateke yake yanamfikia Ryu mahali ambapo ngumi za Ryu haziwezi kumfikia yeye. Kwa hiyo Ryu analazimika kuingia ndani, na kuingia ndani mbele ya mtu wa muay thai ni kuingia katika nyumba ya magoti na viwiko. Pambano zima limejengwa juu ya tatizo hilo moja: mfupi anatafuta njia ya kuingia, mrefu anamfungia mlango. Hakuna maneno yanayolieleza na hakuna msimulizi. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu mapigano analielewa, kwa sababu wachoraji wameipanga miili miwili mahali inapostahili kila wakati.

Angalia pili jinsi wanavyopokea mapigo. Katika filamu nyingi za katuni mtu akipigwa hurushwa nyuma, akaanguka, akainuka vile vile alivyokuwa. Hapa mtu akipigwa mbavuni, mwili unajikunja upande uliopigwa, mguu wa nyuma unatafuta pa kukanyaga, na pigo lake linalofuata linatoka likiwa dhaifu kidogo. Mateke ya Sagat yakimfikia Ryu kwenye mikono iliyokinga, mikono ile inasukumwa na mwili mzima unasogezwa pamoja nayo, kama inavyotokea dojoni kwako kijana mwepesi anapokinga teke la kijana mzito. Kukinga katika mchezo wa video karibu hakugharimu kitu. Katika filamu hii kukinga kunauma.

Suala la muda linahitaji maelezo ya kiufundi kidogo, nami naomba univumilie. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, lakini wachoraji wa Japani kwa kawaida hawachori zote 24. Mchoro mmoja hushikiliwa kwa picha tatu, kwa hiyo mara nyingi sekunde moja ina michoro 8 tu. Ufundi uko katika kuamua wapi uongeze michoro na wapi upunguze. Mchezo wenyewe ulienda kwa takriban picha 60 kwa sekunde, na ulikuwa na hila yake ya kuonyesha uzito: pigo linapogusa, wahusika wote wawili husimama kabisa kwa kitambo kifupi mno, kisha mchezo unaendelea. Mchezaji haoni kusimama huko, anakuhisi mkononi. Hila hiyo haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi kwenye filamu, kwani mtazamaji hana kitufe anachobonyeza, na picha ikiganda kila mara ataona filamu inakwama. Ndipo wachoraji wakaibadili. Maandalizi ya pigo, yaani kiuno kurudi nyuma, bega kushuka na pumzi kuvutwa, yanapewa muda wa kutosha. Pigo lenyewe linapita kwa michoro michache sana, pengine miwili au mitatu. Na matokeo yake katika mwili wa aliyepigwa yanapewa muda mrefu tena. Jicho linaona mwanzo na linaona mwisho, na ubongo unajaza kilichopita katikati kwa nguvu kuliko ambavyo mchoro wowote ungeweza. Nadhani hapa ndipo vijana wako wanapopata ule ukweli wanaoutetea bila kuweza kuutaja.

Pambano la Chun-Li, mpiganaji wa kike wa Kichina, na yule Mhispania mwenye kinyago na makucha ya chuma ni jambo jingine kabisa, na watu wengi hulihesabu kuwa bora katika filamu yote. Mimi naliweka la pili, lakini nakiri kwamba ni la kutisha zaidi. Linatokea nyumbani kwa Chun-Li, usiku, akiwa peke yake na nguo nyepesi za ndani ya nyumba, miguu mitupu. Hakuna uwanja wa kupigania. Kuna kochi, kuna kuta, kuna mlango, na kila kimojawapo kinakuwa ama silaha ama kizuizi. Aliyemjia ana chuma mkononi, kwa hiyo kanuni ya kukinga imevunjika: mkono unaokinga makucha unachanika. Chun-Li anakatwa, damu inatoka, anachoka waziwazi, na kuchoka huko kumechorwa katika pumzi na katika namna mikono yake inavyozidi kushuka. Anaposhinda, hashindi kwa wepesi wa mtindo wake, anashinda kwa kuwa amekataa kufa. Mateke yale ya mfululizo ambayo katika mchezo ni suala la kubonyeza kitufe haraka haraka, hapa yanatoka kama mlipuko wa mwisho wa mtu asiyebakiwa na kitu kingine, na teke la kumaliza linampeleka adui nje kupitia ukutani, kutoka ghorofa ya juu. Baada ya hapo anaanguka yeye mwenyewe na kuishia hospitali. Ushindi unaompeleka mshindi hospitali ni kitu ambacho mchezo haukuwahi kukionyesha, maana katika mchezo mshindi hurukaruka akicheka.

Sasa tuje kwenye orodha unayoitaka, ya kipi ni karate na kipi si karate. Ngumi ya kuinua ambayo Ryu na rafiki yake Ken huirusha wakiruka juu ina msingi wa kweli, ila mpangilio wake umegeuzwa. Nguvu ya ngumi kama hiyo hutoka katika nyayo zinazosukuma ardhi, ikapanda kwa magoti, nyonga na kiuno hadi begani. Mara nyayo zikiachana na ardhi hakuna tena cha kusukumia, na kinachobaki ni mwili unaoelea. Kwa hiyo ngumi hiyo ingekuwa na maana ikiwa tu inamfikia adui kabla miguu haijaondoka chini, na kuruka kuwe ni matokeo ya msukumo. Katika ufunguzi pigo hilo linatoka kwa karibu sana, na ndiyo maana linaaminika. Teke la kimbunga, ambalo mtu huzunguka angani kama feni huku mguu mmoja umenyooshwa, halina msingi. Aliye hewani hawezi kujiongezea mzunguko, na mguu ulionyooshwa hupunguza kasi badala ya kuiongeza, jambo ambalo kijana yeyote anaweza kulijaribu juu ya kiti cha ofisi kinachozunguka. Viganja vya Honda ni vya kweli, kwani wanasumo hushambulia kwa mfululizo wa viganja vya kusukuma kifua na shingo, japo si kwa kasi hiyo. Viungo vinavyorefuka vya Dhalsim, mtu wa yoga, tuviache.

Linabaki lile duara la nguvu linalorushwa kwa viganja viwili kutoka nyongani, ambalo naamini ndilo vijana wako wanaliiga wakidhani huoni. Mchezaji aliweza kulirusha mara kumi katika raundi moja, akisukuma fimbo chini, kisha mshazari, kisha mbele, na kubonyeza ngumi. Filamu inafanya kinyume. Ryu analirusha mwishoni mwa ufunguzi, baada ya kulikusanya kwa muda mrefu kati ya viganja vyake, na mwanga unajaza kioo chote kabla hatujajua limefanya nini. Kisha Sugii analificha. Sehemu kubwa ya filamu inapita Ryu akipigana kwa mikono na miguu tu, na mpaka mwisho, anaposimama pamoja na Ken dhidi ya adui mkuu, ndipo linaporudi kwa uzito wake wote. Ni uchumi wa ajabu. Kitu ambacho mashabiki wote walilipia tiketi kukiona walipewa kwa kijiko, na hakuna aliyelalamika, maana kila lilipotokea lilikuwa tukio. Wewe pia ungemkemea mwanafunzi anayerusha teke la kuzunguka kila baada ya hatua mbili.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Shadaloo inawatuma watu wa mashine kuwachunguza wapiganaji duniani. Wanasimama pembeni, wanatazama pambano, na machoni mwao tunaona namba na vipimo vya nguvu vikipanda na kushuka. Yaani ile mistari ya uhai na zile alama zilizokuwa juu ya kioo cha mchezo hazikutupwa, zimehamishiwa katika jicho la adui. Anayewahesabu watu kwa alama ni mhalifu, na Ryu, ambaye anatangatanga na mkoba wake begani bila kutafuta cheo, ndiye asiyeweza kupatikana katika hesabu zao kwa urahisi. Baadaye Capcom walitoa mchezo uliotokana na filamu hii, ambapo mchezaji anakuwa mmoja wa watu wale wa mashine, akitazama vipande vya filamu ili ajifunze mbinu za Ryu na mwisho apambane naye. Nauona utani huo kuwa mkali kuliko walivyokusudia.

Kuhusu filamu ya Van Damme, nisiwe mkali kupita kiasi. Ilitoka Marekani Desemba 1994, ikiongozwa na Steven E. de Souza, na iliuzwa kwa jina la mtu ambaye katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki hakuhitaji kutambulishwa. Van Damme alisoma karate ya Shotokan Ubelgiji alipokuwa kijana, mateke yake ni ya haki, na Raul Julia, aliyecheza adui mkuu akiwa mgonjwa na akafariki miezi miwili kabla filamu haijaonyeshwa, ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote. Tatizo ni kwamba ile ni filamu ya vita yenye majeshi, boti na vichekesho, ambayo ndani yake watu hupigana mara moja moja. Waigizaji wengi hawakuwa wapiganaji, na kamera inakata picha pale pale ambapo pigo lingepaswa kufika. Macho yanaambiwa kwamba mtu amepigwa, hayaonyeshwi. Mwili wa kweli ulikuwepo mbele ya kamera, ila haukupewa muda wa kuonekana, ilhali katuni, isiyo na mwili, ilitumia muda wake wote kuutafuta. Hilo ndilo jibu langu kwa ubishi wenu.

Nakala mbili ulizoziona zote ni halali. Ile ya Kijapani ina muziki uliosimamiwa na Tetsuya Komuro na Yuji Toriyama, pamoja na wimbo wa Ryoko Shinohara uliouza nakala zaidi ya milioni mbili nchini mwao. Waliponunua filamu kwa soko la Kiingereza, Wamarekani waliufuta muziki huo karibu wote, wakaweka mwingine, zikiwemo nyimbo za roki nzito za bendi kama Korn, Alice in Chains na Silverchair. Wapo wanaoupenda muziki wa Kimarekani kwa kuwa walikua nao. Mimi nauona unakanyaga vile vipindi vya ukimya ambavyo Sugii alivitunza kwa makusudi. Pale alipotaka tusikie upepo, tunasikia gitaa. Kama unataka kufundishia, tafuta ya Kijapani.

Majina ni suala la wanasheria. Huko Japani mwanandondi mweusi wa mchezo aliitwa M. Bison, jina lililomkumbusha kila mtu Mike Tyson, na mchezo ulipokuwa unakwenda Marekani Capcom waliogopa kushtakiwa. Badala ya kubuni jina jipya waliyazungusha matatu waliyokuwa nayo: mwanandondi akapewa jina la Balrog, ambalo lilikuwa la Mhispania mwenye makucha, Mhispania akapewa Vega, lililokuwa la mkuu wa Shadaloo, na mkuu wa Shadaloo akabaki na Bison. Kwa hiyo unaposikia Vega katika sauti ya Kijapani, ni yule mtu mkubwa wa kofia na sare nyekundu. Ukisikia Vega katika sauti ya Kiingereza, ni yule wa kinyago aliyevunja nyumba ya Chun-Li.

Neno la mwisho ni la umri, kwa kuwa umesema una watoto wa miaka 13. Kabla ya pambano la Chun-Li kuna kipande kinachomwonyesha akioga, ambacho toleo la Marekani lililowekewa alama ya PG-13 (tahadhari kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13) lilikipunguza, na damu katika nakala kamili si haba. Wakubwa wako wa miaka 16 kwenda juu wanaweza kuitazama yote pamoja nawe. Wadogo waonyeshe pambano la ufunguzi peke yake, ulisimamishe kila Sagat anapoinua goti, na uwaulize Ryu angesimama wapi ili lisimfikie.